Kutembea Unguja Mjini na Marafiki Kutoka Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Likizo ikikaribia, simu yangu haitulii. Wenzangu wa Chake, Wete na Mkoani wananiuliza mambo yaleyale: boti ipi, tulale wapi, pesa kiasi gani, na huko mjini kuna nini cha kuona. Nimeshawatembeza wenzangu mjini mara nne, makundi ya watu watano hadi tisa, kwa hiyo majibu nimeyaweka hapa pamoja. Nimeyaandika kwa ajili ya watu wa Pemba, ingawa anayetoka Nungwi au Makunduchi naye atapata lake.

KABLA YA KUONDOKA

Unguja tunakwenda kila siku. Matembezi ya nini tena?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Sisi Unguja tunakwenda, lakini tunakwendea shida: hospitali, chuo, karatasi za ofisini, harusi, msiba. Mtu anashuka bandari ya Malindi, anaingia kwenye gari, anafika Amani au Mwanakwerekwe kwa jamaa zake, anamaliza lililompeleka, anarudi. Nina shangazi aliyekwenda mjini zaidi ya mara ishirini na hajawahi kuingia Ngome Kongwe hata siku moja, na amepita mbele yake mara zote hizo. Akiulizwa husema, "Kule kwa wazungu."

Si kwa wazungu. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka kwetu. Ushuru wa karafuu ulikuwa katika mapato makubwa ya Sultani. Beit el-Ajaib, jumba la Sultani, limejengwa 1883, miaka kumi na moja baada ya tufani ile. Ukisimama mbele ya nguzo zake, unatazama jasho la watu waliochuma karafuu Pemba, wengi wao wakiwa watumwa. Kwa hiyo mtu wa Pemba anayekwenda kuutazama mji ule anakwenda kutazama cha kwao.

Siku ngapi zinatosha?

Siku tatu kamili, bila kuhesabu za safari. Mbili zinawezekana mkiacha kisiwa cha Changuu. Moja ni kujichosha bure.

Tuwe wangapi?

Watano hadi saba. Mkizidi tisa, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mstari unakatika, wa nyuma wanapotea, na kila mahali mnamngoja mtu.

Miezi gani ni mizuri?

Masika, yaani Machi hadi Mei, njia za mjini hujaa maji na mvua huwafungia ndani. Juni hadi Septemba ni msimu wa kusi: hewa nzuri, kutembea raha, lakini bahari hukasirika. Januari na Februari bahari mara nyingi hutulia, ila joto kali na wageni wengi. Tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari, na lile la filamu la nchi za jahazi kwa kawaida huwa katikati ya mwaka. Siku hizo vyumba hupanda bei na kujaa.

Mimi huchagua siku za mwisho wa kusi, Septemba hivi. Ikiwa familia zenu zina mikarafuu, basi mnajua wenyewe kwamba msimu wa kuchuma hakuna atakayewaachia mwondoke.

Pesa tukusanye vipi ili tusigombane?

Hapa ndipo urafiki huvunjika, kwa hiyo nitasema kwa urefu.

Safari yetu ya kwanza hatukupanga kitu. Mwenzetu mmoja alikuwa na pesa kwenye simu, akawa analipa yeye: nauli, gesti, boti, hata maji ya kunywa. "Tutahesabiana tukirudi." Tuliporudi, kila mtu alikuwa na hesabu yake. Mmoja alisema yeye hakula samaki usiku ule, mwingine alisema chumba chake kilikuwa hakina feni. Wawili kati yetu hawakusemezana mpaka Idd. Watu waliokaa dawati moja tangu darasa la tano!

Tangu hapo tunafanya hivi. Vitu vya pamoja ni vinne tu: nauli, malazi, viingilio na boti ya Changuu. Hivyo vinapigiwa hesabu mwezi mmoja kabla, vinagawanywa sawasawa, na kila mtu anapeleka fungu lake kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na wote. Anayeshika pesa anaandika kila kinachotoka na anapiga picha ukurasa kila usiku kwenye grupu. Chakula na manunuzi ni kila mtu na mfuko wake. Juu ya hayo, kila mmoja anaweka pembeni nauli ya kurudi, na pesa hiyo haiguswi hata kwa kukopeshana.

Na kuna la siri kidogo. Katika kila kundi yupo ambaye uwezo wake ni mdogo kuliko wa wenzake, na hatasema. Atakuja, kisha Forodhani, penye vyakula vya jioni, atadai ameshiba. Anayepanga safari amwite mapema, faraghani, waelewane. Sisi tulikuwa na mwenzetu wa namna hiyo. Tukachagua gesti ya bei ndogo zaidi kwa wote na hakuna aliyejua sababu.

Tubebe karatasi gani?

Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha taifa, chenyewe, si picha kwenye simu tu. Kinahitajika kwenye tiketi, kwenye gesti, na kwenye majumba ya makumbusho ambako mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni. Usipoonyesha kitambulisho, usishangae ukitozwa bei ya mgeni.

NJIANI

Boti, meli au ndege?

Ndege kutoka uwanja wa Pemba, karibu na Chake, ni nusu saa hivi angani. Raha, lakini kwa kundi la marafiki pesa hiyo ni bora iende kwingine.

Wengi huondokea Mkoani kwa boti ya kasi. Meli kubwa ya usiku ni ya polepole, na mimi ndiyo ninayoipenda mkiwa kundi: mnapanda na chakula chenu, mnazungumza mpaka macho yanafunga, na alfajiri mnaamka mbele ya mji. Taa za Malindi zikiwa bado zinawaka na adhana inasikika kutoka ufukweni, hapo hata mtu aliyekwenda Unguja mara mia hunyamaza. Nauli na ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizieni kwenye ofisi ya tiketi wiki moja kabla.

Mama yangu anaogopa nikipanda meli. Nimjibu nini?

Usimcheke. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, imezidisha abiria na mizigo, na mamia ya watu walikufa. Wengi walikuwa wanarudi kwao, huku kwetu. Mama anapouliza "mmepanda ipi?" anauliza akiwa na majina ya watu kichwani.

Mjibu kwa vitendo. Kata tiketi yenye jina lako, usipande kwa jina la mtu mwingine. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka, pesa ya tiketi haina thamani ya roho. Ukikaa, tazama jaketi la kuokolea liko wapi. Mpigie unapopanda na mpigie unaposhuka. Mwenzetu mmoja alisahau kupiga aliposhuka; mama yake alikaa kibarazani na simu mkononi mpaka saa sita mchana.

Mimi hutapika baharini. Nifanye nini?

Kula chakula chepesi saa mbili kabla, si tumbo tupu na si biriani. Kaa katikati ya chombo, karibu na nyuma, utazame mbali na si kwenye simu. Dawa za kichefuchefu zipo duka la dawa, zimezwe kabla ya kuondoka. Kipande cha tangawizi kinasaidia pia.

KULALA NA KUZUNGUKA

Tulale kwa jamaa au tukodi?

Kwa jamaa ni bure, lakini mkiwa sita mnamwelemea mwenye nyumba, na kila jioni mtabanwa na saa ya kurudi. Zaidi ya hayo, ukilala kwa jamaa utatumwa. Tafuteni gesti, kisha nendeni kwa jamaa kuamkia siku moja, mkiwa na kitu mkononi. Mtu wa Pemba akienda mikono mitupu atasemwa mwaka mzima. Halua ya Wete haijawahi kukataliwa.

Malipo ya gesti yathibitishwe kwa maandishi. Mwaka mmoja tulifika usiku, tukaambiwa vyumba vyetu wamepewa wengine waliotoa pesa zaidi. Tulikuwa tumeahidiana kwa mdomo tu. Tukalala sita chumba kimoja kwa jirani yao, wawili kitandani na wanne chini.

Ndani ya Mji Mkongwe tutapotea?

Mtapotea, na hakuna ubaya. Mji wenyewe si mkubwa: ukitembea moja kwa moja bila kugeuka sana, utatokea baharini au kwenye barabara ya Darajani. Simu huchanganyikiwa humo ndani kwa sababu ya majumba marefu. Dawa ni kuuliza. Toa salamu kwanza, kisha uliza. Wazee wa barazani watakuelekeza na watataka kujua wewe ni wa nani.

Pangeni mahali pamoja pa kukutania atakayepotea. Sisi hutumia lango la Ngome Kongwe.

Daladala zinasomwaje?

Kwa namba. 502 inakwenda Bububu, 505 uwanja wa ndege, 116 Nungwi. Kwa mitaa ya mjini, muulize konda kabla ya kupanda. Mkiwa na mizigo au usiku, kodini gari moja na mpatane bei kabla ya kufungua mlango.

PA KUONA

Siku ya kwanza tuanzie wapi?

Anzeni Darajani asubuhi, saa mbili, soko likiwa limechangamka. Soko lile lilijengwa 1904. Kisha ingieni Mkunazini (tazama swali la kanisa), mpumzike Jaws Corner kwa kahawa na kashata huku mkisikiliza siasa za wazee, mteremke Ngome Kongwe, na jioni iwakute Forodhani. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman mwisho wa karne ya 17, baada ya Wareno kufukuzwa, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta zake ni nene, na ndani kuna kivuli. Kaeni.

Beit el-Ajaib tunaweza kuingia?

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, mafundi wawili wakafariki. Matengenezo yake ni ya miaka. Ulizeni mlangoni siku mnayofika. Hata likiwa limefungwa, linatazamika vizuri kutoka bustani ya Forodhani. Ndilo lililokuwa la kwanza mjini kuwa na taa za umeme, ndiyo maana watu wakaliita la ajabu.

Sisi Waislamu. Tunaingiaje kanisa la Mkunazini?

Mnaingia kwa miguu yenu na mnatoka na dini yenu. Pale ndipo palipokuwa soko la watumwa. Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga, na mwaka uleule likaanza kujengwa kanisa la Kianglikana. Mahali pa mti wa kuchapia watumwa, ndani ya kanisa, pamewekwa alama ya duara sakafuni mbele ya madhabahu. Nyuma kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kuwa Askofu Edward Steere alikuwa hayupo siku mafundi walipozisimamisha.

Nje kuna shimo lenye sanamu za watu, minyororo shingoni, wanatazama juu kidogo, hawamtazami mtu. Mara ya kwanza tulikuwa tukicheka tangu Darajani. Pale kicheko kilikatika. Mwenzetu mmoja kutoka Konde, ambaye babu wa babu yake alikuja Pemba kwa lazima kulima karafuu na kwao hawalitaji jambo hilo, alisimama peke yake robo saa. Hakuna aliyemwita.

Watembezaji watawaonyesha pia vyumba vya chini na kusema ndimo walimofungiwa watumwa. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile vilijengwa baada ya soko kufungwa. Ingieni, mjue yote mawili.

Vaeni vazi la stara na mzime simu, kama mnavyotaka wengine wafanye msikitini.

Milango ya mjini ina nini hata watu waipige picha?

Ina maandishi, ukijua kuisoma. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka mara nyingi ni wa Kiarabu. Wenye upinde juu ni wa Kihindi. Chagueni mmoja, msogee karibu. Pembeni utaona mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu yote, pete kwa pete. Chini, karibu na kizingiti, magamba ya samaki au mawimbi. Juu, katikati ya maua, huenda kuna aya au mwaka wa Hijria. Pitisha kidole kwenye mnyororo: mbao imelainika kwa mikono ya watu kama ukingo wa bao la zamani. Misumari ya shaba ina ncha upande wa nje na ni baridi hata mchana.

Msipige picha ya mlango uliofunguliwa bila kuomba. Ndani mnaishi watu.

Changuu inafaa, au ni ya watalii tu?

Inafaa. Boti hukodiwa ufukweni Forodhani, nusu saa hivi. Jela iliyojengwa 1893 ilikuja kutumika kama karantini ya wagonjwa waliotoka melini. Wenyeji wa kweli wa kisiwa ni kobe wakubwa, wazao wa waliotoka Ushelisheli miaka zaidi ya mia iliyopita. Umri umeandikwa kwa rangi migongoni mwao, na wapo waliotuzidi sisi, mama zetu na bibi zetu. Ukimkuna shingo, anainyoosha na kusimama kimya. Msiwapande migongoni.

Mpatane bei ya kwenda *na* kurudi, na mlipe mkisharudi.

Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kuna cha kuona?

Kipo, na watu wengi hupitwa nacho. Majumba marefu ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Sisi tuna ndugu zake huku Chake, Wete na Mkoani, majumba ya maendeleo yaleyale, kwa hiyo ukiyaona unajihisi nyumbani. Pitieni jioni.

Tunataka taarabu ya kweli, si ya kwenye spika.

Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Ulizeni Malindi ni jioni zipi wanafanya mazoezi, mwende mkae kimya, mkipendezwa muwatunze pesa.

KULA

Forodhani bei ni kubwa. Tule wapi?

Forodhani nendeni kwa kupumua hewa ya magharibi na kuwatazama vijana wakiruka baharini. Kula kidogo, na ulizeni bei kabla ya kitu kuingia kwenye sahani. Samaki na pweza tumewazoea, si cha kukipandia meli.

Cha kutafuta ni urojo wa mitaani. Mama anachota mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe mbichi au ukwaju, anatia viazi, badia, kachori, mishkaki, anamimina chatne ya nazi, juu anamwaga chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba. Ule palepale, kabla chipsi hazijalowa. Kila mtaa husema wake ndio bora, na mabishano hayo ni sehemu ya mlo.

Tukienda Ramadhani?

Mchana hakuna kula hadharani, na sehemu nyingi za kula hufungwa. Usiku mji hufufuka mpaka daku. Kwa kutazama majumba, uchovu utawashinda, subirini Idd.

MAMBO YANAYOTOKEA MARA CHACHE

Sisi ni wanawake watupu. Ni salama?

Makundi yangu mengi yalikuwa hivyo. Mchana hakuna shida. Usiku tembeeni pamoja kwenye njia zenye taa na maduka, muache vichochoro vitupu, na pochi iwe mbele. Gesti iwe karibu na njia kubwa.

Mapapasi, wale wanaong'ang'ania kuwatembeza watu, wakitufuata?

Wanafuata wageni zaidi. Mkiwajibu kwa Kiswahili cha Pemba, wengi hucheka na kuondoka. "Ahsante, ndugu yangu, sisi wenyeji," inatosha. Anayesisitiza, msimpe pesa wala namba.

Mmoja wetu anataka maduka tu, hataki majumba ya kale.

Mwacheni. Apewe asubuhi moja Darajani peke yake au na mwenzake, mkutane mchana. Kumburuta mtu makumbusho kunaharibu siku ya watu sita.

Tuna mwenzetu asiyeweza kutembea sana.

Mji Mkongwe una ngazi nyingi na mawe yaliyonyanyuka. Mpangieni ufukweni: Forodhani, mbele ya Ngome na Mizingani ni tambarare na kuna mahali pa kukaa. Gari imshushe palepale. Changuu ni ngumu kwake, kwa kuwa mara nyingi unashukia majini.

Boti ya kurudi ikifutwa kwa upepo?

Ndiyo sababu ya ile nauli isiyoguswa (tazama swali la pesa) na sababu ya kutorudi siku ya mwisho ya likizo. Mkikwama, sasa nendeni kwa jamaa, hamtakataliwa. Msitafute chombo kidogo cha kuwavusha. Upepo uliozuia boti kubwa hauna huruma na ndogo.

Tumebakiza saa mbili kabla ya boti. Tufanye nini?

Msirudi Darajani, mtachelewa. Pelekeni mizigo karibu na bandari, kisha mkae Mizingani chini ya Mtini, mti mkubwa uliopandwa 1911. Mwacheni mmoja na mabegi, wengine wakanunue maji na boflo za njiani. Kutoka pale mnaliona lango la bandari, na honi mtaisikia.